Mwili Utakaoipokea Tiba

Tangu Desemba 2023 ni nadra nimalize siku ya kliniki bila kuulizwa, "Daktari, ile dawa ya jeni itafika lini kwetu?" Wazazi wa watoto wenye selimundu husoma habari za afya kwa makini kuliko watu wengi ninaowajua. Wanajua kwamba Uingereza mwezi Novemba mwaka huo, na Marekani wiki chache baadaye, ziliidhinisha tiba iitwayo Casgevy, ya kwanza duniani kutumia teknolojia ya CRISPR ya kuhariri jeni. Wanalijua jina la Victoria Gray, mama wa Mississippi, mgonjwa wa kwanza wa selimundu nchini Marekani kupewa tiba hiyo, mwaka 2019. Hata bei wanaijua: dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Wasichoambiwa ni tiba hiyo inafanya nini hasa mwilini. Hilo ndilo ningependa tulianze, kwa sababu ukishalielewa, dawa iliyoko kabatini kwako leo utaitazama kwa jicho jingine.

Mtoto akiwa tumboni hatumii himoglobini tunayotumia sisi watu wazima. Ana himoglobini yake ya kitoto, yenye nguvu zaidi ya kunyakua oksijeni kutoka kwenye damu ya mama. Akishazaliwa, mwili huanza kuizima taratibu na kuwasha ile ya kikubwa. Akifika miezi sita hivi, ya kitoto imebaki kidogo sana. Mwaka 1948 daktari wa watoto wa Brooklyn, New York, Janet Watson, aliona jambo lililowapita wenzake: watoto wachanga wenye selimundu hawaumwi. Wanaanza kuumwa himoglobini ya kitoto inapowaishia. Akapendekeza kwamba ndiyo inayowakinga. Wapo pia watu, hasa mashariki mwa Saudi Arabia na sehemu za India, ambao kwa urithi wao hubaki na himoglobini nyingi ya kitoto hata ukubwani, na selimundu yao kwa kawaida huwa na makali pungufu.

Casgevy inafuata njia hiyohiyo aliyoiona Watson. Katika seli mama za damu kuna jeni iitwayo BCL11A ambayo kazi yake mojawapo ni kuizima himoglobini ya kitoto. Wataalamu huzitoa seli hizo mwilini, huzikata mahali panapoiamuru BCL11A ifanye kazi kwenye chembe nyekundu, kisha huzirudisha. Himoglobini ya kitoto inawaka tena. Katika utafiti uliotumika kuiidhinisha nchini Marekani, wagonjwa 29 kati ya 31 walikaa angalau mwaka mzima bila shambulio kali la maumivu. Haya ni matokeo makubwa, na sitaki kuyapunguza thamani.

Lakini kuna kapsuli inayoitwa haidroksiyurea. Nayo inapandisha himoglobini ya kitoto. Haifiki kiwango kilekile, wala haiponyi. Ukiacha kuimeza, faida inaondoka. Ila imeidhinishwa kwa selimundu tangu 1998, inamezwa mara moja kwa siku, na gharama yake haina mfano na ya Casgevy. Ninapokutana na mzazi anayefuatilia kila habari ya CRISPR huku kapsuli za mwanawe zimelala bila kuguswa kwa miezi miwili, huwa najiuliza sisi waganga tumeeleza nini na magazeti yameandika nini hadi mambo yakageuka hivyo.

Turudi nyuma kidogo, kwenye ugonjwa wenyewe. Mwaka 1910 James Herrick, daktari wa Chicago, alichapisha habari za kijana kutoka Grenada aliyekuwa akisomea udaktari wa meno. Chini ya hadubini, chembe nyekundu za damu yake zilikuwa nyembamba, ndefu, zimepinda kama mundu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba kasoro iko kwenye himoglobini, na miaka michache baadaye Vernon Ingram, akiwa Cambridge, akaonyesha kuwa ni asidi amino moja tu iliyobadilika: palipostahili asidi ya glutamiki pamekaa valini. Kwa badiliko hilo dogo, himoglobini ikishaachia oksijeni hushikana yenyewe kwa yenyewe na kuunda nyuzi ngumu zinazoivuta chembe hadi ipinde.

Chembe iliyopinda ina shida mbili. Ya kwanza inajulikana: inanasa kwenye mishipa midogo, damu haipiti, na sehemu iliyonyimwa oksijeni inauma vibaya. Ya pili ndiyo inayoleta mkanganyiko nyumbani. Chembe nyekundu ya mtu asiye na ugonjwa huishi siku 120 hivi. Ya mwenye selimundu huishi siku kumi hadi ishirini. Uloto wake unafanya kazi usiku na mchana kutengeneza mpya, na bado haumudu kufidia. Ndiyo maana wengi wao, wakiwa hawaumwi kitu, wanatembea, wanasoma na kucheza na himoglobini ya saba au nane. Hiyo ndiyo damu yao ya kawaida.

Kila familia inapaswa kuijua namba hiyo kwa moyo. Mtoto ambaye siku zote ni saba na leo ni saba, hana haja ya chupa ya damu kwa sababu tu karatasi ya maabara imeandika kwamba iko chini. Mtoto ambaye siku zote ni tisa na leo ni sita, kuna kitu kimetokea, na kitafutwe upesi. Nimeshaona watoto wakiongezewa damu mara kwa mara kwa hesabu ya mtu mwingine. Kila chupa huleta madini ya chuma ambayo mwili hauna njia ya kuyatoa, nayo hurundikana kwenye ini na moyo. Damu ikipandishwa kupita kiasi inakuwa nzito na mishipa inaziba zaidi.

Kwa sababu hiyohiyo, vidonge vya madini ya chuma, juisi ya rozela, mchemsho wa majani ya mlonge na glasi za rangi nyekundu za kila aina haziigusi shida yenyewe. Mwenye selimundu hajapungukiwa na chuma, isipokuwa kipimo kiseme hivyo. Ni nyumba ambayo saruji imejaa uani huku kuta zikibomolewa kila siku. Kuleta saruji nyingine hakuzuii ubomoaji. Kinachohitajika kila siku ni foliki asidi, kwa sababu uloto unaotengeneza chembe kwa kasi hiyo huimaliza haraka. Matembele, mchicha na maharage vinafaa kwa sababu ni chakula kizuri, na rozela inywewe kwa kuwa ni tamu.

Sasa haidroksiyurea. Hofu ya kwanza ninayokutana nayo ni kwamba ni dawa ya saratani. Ni kweli, ilianza huko, na bado inatumika kwa baadhi ya magonjwa ya damu. Kwenye selimundu hutolewa kwa kipimo cha chini kinachokwenda na uzito wa mtoto. Hofu ya pili ni ya kitaalamu zaidi na ilitusumbua hata sisi kwa miaka mingi: je, dawa inayoshusha chembe nyeupe itakuwa salama kwa mtoto wa Afrika, anayeishi katikati ya malaria na utapiamlo? Jibu lilitoka kwenye utafiti ulioitwa REACH, uliofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale kwa watoto wapatao 600, matokeo yake yakatangazwa Desemba 2018. Maumivu yalipungua. Haja ya kuongezewa damu ilipungua. Vifo vilipungua. Na malaria, ile tuliyoihofia, nayo ilipungua.

Dawa hii ina masharti yake. Hesabu ya damu ipimwe kabla ya kuanza, kisha kwa vipindi ambavyo kliniki itapanga, ili chembe nyeupe zisishuke mno. Isitumike mimba inapopangwa au inapogundulika bila kuzungumza na daktari. Na inataka subira: wiki ya kwanza mgonjwa haoni tofauti, ya pili vilevile, na wengi huiacha hapo. Faida huanza kuonekana baada ya miezi miwili au mitatu, tena huja kimyakimya, kwa mambo yasiyotokea: muhula umepita bila kulazwa, kipupwe kimepita bila krisisi, yaani shambulio la maumivu. Binadamu tuna shida ya kushukuru kwa jambo lisilotokea.

Kwa nini nasisitiza hivi, kama tiba yenyewe iko njiani? Kwa sababu ya namna tiba zenyewe zinavyotolewa. Kabla ya kurudishiwa seli zilizohaririwa, mgonjwa hupewa dawa kali ya kuufuta uloto wake wote. Hulazwa wiki kadhaa bila kinga ya kutosha, na anaweza kupoteza uwezo wa kuzaa. Kupandikizwa uloto kutoka kwa ndugu, ambako ndiyo tiba ya kuponya yenye umri mrefu zaidi, nako kuna hatua kama hiyo. Kwa hiyo, kabla ya yote, madaktari huangalia figo, ini, mapafu, moyo na ubongo: vitahimili? Mgonjwa ambaye figo zimechoka au aliyekwisha kupigwa na kiharusi mara mbili anaweza kufika mlango wa hospitali yenye tiba, fedha zikiwa mkononi, akaambiwa kwamba mwili wake hauwezi. Kusubiri vizuri, basi, ni kuvilinda viungo hivyo mwaka hadi mwaka. Huo ndio mtazamo ninaowaomba wazazi wauchukue.

Kiungo cha kwanza kuharibika kwa kawaida ni bandama, na huanza mtoto akiwa hajafikisha hata mwaka. Bandama ndiyo inayochuja vijidudu kwenye damu, hasa nyumokokasi, mdudu wa nimonia na homa ya uti wa mgongo. Ikishazibwa-zibwa na chembe zilizopinda, mtoto anabaki wazi. Mwaka 1986 utafiti wa Marekani ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu ilikuwa wazi mno kwamba watoto waliopewa penisilini kila siku walipata maambukizi haya kwa uchache wa kushangaza, pungufu kwa asilimia 84, wakilinganishwa na wenzao. Penisilini ya kumeza, asubuhi na jioni, hadi angalau mtoto atimize miaka mitano. Ni dawa ya zamani na ya bei ndogo, na sijui nyingine inayookoa watoto wengi hivyo kwa fedha kidogo hivyo. Pamoja nayo ni chanjo ya nyumokokasi, ambayo Kenya inaitoa kwa watoto wote tangu 2011 na Tanzania tangu 2013.

Bandama ina hatari nyingine, ya ghafla. Damu inaweza kumiminika ndani yake na kunasa humo, tumbo likavimba upande wa kushoto, mtoto akapauka, akalegea, na akafa ndani ya saa chache. Graham Serjeant, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Jamaika kwa miongo mingi, aliwafuatilia watoto waliopimwa tangu siku ya kuzaliwa katika hospitali ya wazazi ya Kingston kuanzia 1973. Yeye na wenzake waliwafundisha akina mama jambo ambalo hadi hapo lilikuwa la daktari: kuweka vidole chini ya mbavu za kushoto za mtoto na kuipapasa bandama. Mama aliyejua bandama ya mwanawe ikoje siku ya kawaida aliweza kutambua siku ilipokua, naye akakimbia hospitali mapema. Vifo vya shambulio hilo vikashuka sana. Hakukuwa na mashine wala dawa mpya, ni vidole vya mama tu. Kama muuguzi wa kliniki yako hajakuonyesha, mwombe akuonyeshe. Ni dakika tano.

Homa nayo iwekewe sheria ngumu nyumbani. Joto la nyuzi 38 au zaidi kwa mtoto mwenye selimundu ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, hata kama anacheza. Usimpe panadoli ukasubiri pakuche.

Na malaria. Huko Kenya alikokulia, Anthony Allison aligundua, na mwaka 1954 akachapisha, kwamba watu waliobeba jeni moja tu ya selimundu wana kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana jeni hii imeenea kuzunguka Ziwa Victoria na kwenye mwambao, na ni haba kwenye nyanda za juu zenye baridi. Habari hiyo imesambaa vizuri, lakini imesambaa nusu. Kinga ni ya mbebaji, mwenye jeni moja. Mwenye jeni mbili, yaani mgonjwa, akipata malaria damu yake hushuka kwa kasi asiyoweza kuihimili. Yeye ndiye wa kwanza kulala ndani ya chandarua na ndiye anayestahili kumezeshwa dawa ya kuzuia malaria kama kliniki ilivyoagiza.

Kiharusi cha watoto hakizungumzwi vya kutosha. Bila kinga, karibu mtoto mmoja kati ya kumi wenye selimundu hupigwa na kiharusi kabla ya kutimiza miaka ishirini, na wengi wakiwa bado shule ya msingi. Wengine hupata vidogo visivyoonekana: hakuna kupooza, ila mtoto aliyekuwa wa tatu darasani anakuwa wa thelathini na anaambiwa ni mvivu. Kuna kipimo kisichouma, cha mawimbi ya sauti yanayopitishwa kwenye panja, pembeni ya jicho, kinachopima kasi ya damu kwenye mishipa ya ubongo. Kasi ikiwa kubwa, hatari ni kubwa. Mwaka 1998 ilithibitika Marekani kwamba kuwaongezea damu kila mwezi watoto wa kundi hilo kunapunguza viharusi kwa zaidi ya asilimia 90. Kwetu, damu ya kila mwezi ni ndoto kwa familia nyingi, na benki zetu za damu hazina akiba hiyo. Kwa hiyo matokeo kutoka Bugando, Mwanza, ambako watafiti waliwapima watoto na kuona haidroksiyurea ikishusha kasi hiyo, yana uzito wa pekee kwetu. Kipimo hiki kinapatikana kwenye baadhi ya hospitali kubwa. Mtoto akifikisha miaka miwili, uliza.

Figo huharibika polepole na hutoa dalili ambayo familia huiadhibu badala ya kuisoma. Selimundu huondoa uwezo wa figo kubana mkojo. Mtoto anakojoa sana, mchana na usiku, na maji yanamwishia haraka. Kukojoa kitandani hadi darasa la tano kwa mtoto huyu ni ugonjwa. Anapochapwa, au anaponyimwa maji jioni ili asikojoe, anaamka na damu nzito, na saa kumi na moja alfajiri mifupa inaanza. Nimelisikia hilo mara nyingi mno kutoka shule za bweni. Mzazi anayempeleka mtoto bweni aende na barua ya daktari inayosema mambo manne kwa matroni na mwalimu wa darasa: awe na chupa yake ya maji muda wote, aruhusiwe kwenda msalani bila kuomba mara mbili, asiogeshwe maji ya baridi alfajiri wala kusimamishwa mstarini kwenye baridi bila sweta, na akisema anaumwa, aaminiwe. Njombe au Lushoto mwezi wa saba si mahali pa kumpeleka mtoto huyu shule kama kuna chaguo jingine.

Hilo la kuaminiwa lina makao mengine pia: wodi zetu wenyewe. Maumivu ya selimundu hayana kipimo cha maabara. Hakuna picha inayoyaonyesha. Kijana anayekuja mara tatu kwa mwezi akiomba sindano huanza kutiliwa shaka kwamba anaigiza, au amezoea dawa. Ukweli ni kwamba waliougua tangu utotoni hujifunza kuumwa kimya, na wanaweza kuchezea simu huku wakiwa na maumivu ya nane kwa kumi. Mgonjwa aliyezimia kwa kulia amekwisha chelewa. Mwenye maumivu makali apewe dawa kali, morfini ikibidi, na apewe mapema.

Nyumbani, maumivu yakianza, kunywa maji mengi, jipashe joto, pumzika, meza paracetamol. Mafuta ya kuchua hayana kosa, ila usichue mpaka uuumize mfupa. Nina ugomvi na jambo moja: diklofenaki ya dukani. Vijana wengi wanaishi nayo mifukoni, wanaimeza kila siku kwa miezi. Dawa za jamii hiyo, ibuprofeni ikiwemo, zinaua figo zikizoeleka, na figo za mwenye selimundu tayari ziko vitani. Siku mbili tatu za krisisi kwa ushauri wa daktari, sawa. Kila siku, hapana. Maumivu yasiyotulia kwa dawa za nyumbani, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, udhaifu wa upande mmoja, kuongea kwa kuburura, yote hayo ni ya hospitali mara moja.

Na wanaume niseme nao wazi, kwa sababu hili hunijia mlangoni wakati mgonjwa ameshaaga: kusimama kwa uume kunakouma na kusikotaka kuisha. Huanza hata kwa wavulana wadogo. Wanaona aibu, wananyamaza, wanaharibikiwa. Kunywa maji, kojoa, tembea, oga maji ya uvuguvugu. Ikipita saa mbili, nenda hospitali, usingoje ifike saa nne. Daktari na muuguzi wamekwisha kuona, hawatacheka.

Tumesema habari za tiba ya jeni, tusisahau ile iliyo karibu. Mwaka 1984 hospitali ya St. Jude, Memphis, ilitangaza habari za msichana aliyekuwa na saratani ya damu na selimundu kwa pamoja. Alipandikizwa uloto kwa ajili ya saratani, na selimundu nayo ikapona. Tangu hapo upandikizaji umewaponya wengi duniani, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuufanya kwa watoto wenye selimundu mwaka 2023. Unafaulu zaidi mtoto akiwa mdogo, viungo vikiwa salama, na uloto ukitoka kwa ndugu wa baba mmoja mama mmoja anayeoana naye. Kila ndugu ana nafasi moja kati ya nne ya kuoana. Nchi yenye makadirio ya watoto 11,000 wanaozaliwa na selimundu kila mwaka haiwezi kuwapandikiza wote; wengi wao wataendelea kuishi kwa kapsuli na penisilini kwa muda mrefu ujao. Tusijidanganye hapo.

Tusidanganywe pia na kila kinachotangazwa. Dawa ya voxelotor, iliyouzwa kwa jina la Oxbryta, ilipokewa kwa shangwe kubwa Marekani mwaka 2019 kwa kuwa ilipandisha himoglobini. Septemba 2024 kampuni ya Pfizer iliiondoa sokoni duniani kote, baada ya takwimu kuashiria kwamba krisisi na vifo vilikuwa vingi zaidi kwa waliokuwa wakiitumia. Karatasi ya maabara ilipendeza, mgonjwa hakupata nafuu iliyotarajiwa. Kama dawa iliyopita kwenye majaribio na vibali vyote inaweza kuishia hivyo, yule anayeuza chupa ya mitishamba stendi akiahidi kuigeuza SS (mwenye jeni mbili za selimundu) kuwa AA (asiye nayo) ndani ya siku arobaini aulizwe maswali mengi kabla ya kupewa fedha.

Zamani tulikuwa hatuzungumzi sana habari za watu wazima, kwa sababu wachache walifika. Sasa wanafika: wanamaliza vyuo, wanaajiriwa, wanaoa na kuolewa. Hatari inakuja pale kijana anapotoka kliniki ya watoto, alikozoeleka tangu ananyonya, na kupelekwa kwa madaktari wasiomjua, wakati huohuo mama yake ameacha kumkumbusha dawa. Wengi hupotea hapo. Kijana wa miaka kumi na tano anapaswa kuanza kuingia chumba cha daktari peke yake kwa dakika kumi, na kuwa na kadi mfukoni inayosema himoglobini yake ya siku njema, kundi lake la damu, kipimo cha haidroksiyurea yake, na kama aliwahi kudhurika kwa damu aliyoongezewa.

Kisha yaja mambo ya ndoa. Wazazi wawili waliobeba jeni moja moja, kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Kila mimba, yaani aliyetangulia hamfutii anayefuata, na hakuna mama anayeleta selimundu peke yake. Baba ametoa nusu. Ndoa nyingi zimevunjika kwa kutojua sentensi hiyo. Wachumba wapime mapema, na wahakikishe ni kipimo kinachotenganisha AS, yaani mbebaji, na SS, kwa sababu kile cha haraka cha zamani husema tu kwamba jeni ipo. Na aliyeponywa, awe kwa uloto wa ndugu au kwa tiba ya jeni, naye ampime mwenzake. Damu yake imebadilika, lakini mayai yake au mbegu zake hazikuguswa. Jeni ya selimundu bado imo humo, na bado itarithiwa.